Mfuko Usiopungua: Haki katika Hesabu ya Bahati



Mama mmoja muuza vitumbua alifika ofisini kwetu asubuhi ya siku ya gulio, akiwa ameshika daftari la hesabu la mwanawe, kijana wa kidato cha pili. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari hilo kijana alikuwa amechora vijiti, vitano vitano, kama karani ahesabuye magunia ghalani. Tulivihesabu pamoja na mama, tukapata 120. Kila kijiti kilikuwa ni sanduku moja la bahati ambalo kijana alilinunua katika mchezo wa simu kwa shilingi 700, akitumia namba ya siri ya mama yake. Jumla yake ni shilingi 84,000, nazo zilikuwa fedha za sare na michango ya shule. Alichokuwa akikitafuta ni upanga adimu ambao, kwa maandishi ya mchezo wenyewe, hupatikana kwa asilimia 1. Hakuupata.

Mama hakuja kumshitaki mtoto. Alikuja na swali. "Naombeni mnieleze," alisema, "mwanangu ameibiwa, au ana bahati mbaya?"

Tulimwita kijana. Alituamkia kwa heshima, akasimama kimya kitambo, kisha akasema: "Waliandika moja katika mia. Mimi nilishafungua mia na ishirini. Nilijua tu imekaribia."

Maneno hayo mawili, *imekaribia* na *bahati mbaya*, ndiyo yaliyotufanya tuandike ukurasa huu. Tunaamini kwamba mama na mwanawe, kila mmoja kwa njia yake, walikuwa wamekosa kuambiwa jambo moja la hesabu ambalo mwenye kuuza analijua vizuri sana. Na pale ambapo muuzaji anajua na mnunuzi hajui, hapo pana suala la haki, wala si suala la nidhamu ya watoto peke yake.

1. Jambo lenyewe ni lipi

Wazee wengi hatujui michezo hii, basi tuanze mwanzo. Katika michezo ya mtandaoni mchezaji hupigana na adui wa kuchorwa, na adui akianguka hudondosha kitu: sarafu, dawa, ngao. Mara nyingi kinachodondoka ni kitu cha kawaida. Mara chache sana ni kitu adimu ambacho wachezaji wote wanakitamani. Kompyuta ya kampuni ndiyo inayoamua, kwa kupiga kura ya namba kila mara adui anapoanguka. Zamani bei ya kitu adimu ilikuwa ni muda: mchezaji alirudia vita vilevile usiku kucha.

Baadaye makampuni yaligundua kwamba kura hiyo yenyewe inaweza kuuzwa. Nchini Japani kulikuwa na mashine zilizosimama madukani, ambazo mtoto alitia sarafu, akazungusha mkono wa mashine, akapata kifuko cha plastiki chenye kinyago ndani, bila kujua ni kinyago gani. Desturi hiyo iliingizwa katika michezo ya simu. Leo mchezaji hulipa fedha halali, hufungua sanduku la kuchorwa, na kuona kama amepata au amekosa. Mchezo wenyewe hupewa bure. Kinachouzwa ni matumaini.

Hatusemi kwamba mchezo ni dhambi, wala kwamba kila anayefungua sanduku amedanganywa. Mtu mzima mwenye kipato chake ana uhuru wa kununua furaha, na wapo wengi wanaocheza miaka mingi bila kutoa hata senti. Tunachouliza ni kama bei ya sanduku hili imesemwa kwa ukweli.

2. Mfuko unaopungua na mfuko usiopungua

Kosa la kijana wetu halikutokana na ujinga. Lilitokana na uzoefu wake mwenyewe, na uzoefu huo sisi ndio tuliompa.

Kila mwaka katika parokia nyingi huuzwa tikiti za bahati nasibu kwa ajili ya ujenzi. Tuseme tikiti ni 100 na zawadi ni mbuzi mmoja. Ukinunua tikiti 50, una nusu ya nafasi zote. Ukinunua zote 100, mbuzi ni wako bila shaka yoyote. Kila tikiti isiyoshinda inayotolewa huzisogeza karibu na mbuzi zile zilizobaki. Huu tuuite *mfuko unaopungua*. Weka punje 99 nyeupe za maharage na moja nyekundu mfukoni; toa moja moja bila kurudisha; kabla hujamaliza 100, nyekundu itakuwa mkononi mwako. Hapa neno "imekaribia" lina maana ya kweli.

Sanduku la mchezo si mfuko wa namna hiyo. Ndani yake, kila unapotoa punje nyeupe, mwenye mfuko huirudisha ndani na kuutikisa upya. Mara ya pili unapotia mkono, punje ni zilezile 100. Mara ya 121 punje ni zilezile 100. Mfuko haukumbuki kwamba wewe umekuja mara 120, haukuonei huruma, wala haukuonei kinyongo. Sanduku la 121 la kijana wetu lilikuwa na asilimia 1 ileile iliyokuwa katika sanduku la kwanza. Vijiti vyote vile daftarini havikuwa vimemsogeza hata hatua moja.

Maneno "moja katika mia" huandikwa kwa namna ileile katika mifuko yote miwili. Lakini mifuko ni miwili, na hesabu zake ni mbili. Anayeuza mfuko usiopungua kwa mtu anayedhani anauziwa unaopungua, hata kama hakutamka uongo, ananufaika na kosa asilolisahihisha.

3. Hesabu ya vijana elfu moja

Tufanye sasa hesabu yenyewe, maana haina ugumu. Nafasi ya kukosa mara moja ni 99 katika 100. Nafasi ya kukosa mara mbili mfululizo ni 99 kwa 100 ya hiyo ya kwanza, na kuendelea hivyo. Ukizidisha hivyo mara 100, inabaki nafasi ya asilimia 37 hivi ya kukosa kabisa. Ukizidisha mara 120, kama kijana wetu, inabaki asilimia 30.

Wengi huelewa vizuri zaidi wakiona watu kuliko wakiona asilimia. Chukua basi vijana 1,000, kila mmoja afungue masanduku 100 ya asilimia 1. Kwa makadirio, matokeo yatakuwa hivi:

Vijana 366 hawatapata upanga wowote.
Vijana 370 watapata mmoja.
Vijana 185 watapata mapanga mawili.
Vijana 61 watapata matatu.
Vijana 18 watapata manne au zaidi.

Ukijumlisha mapanga yote utakuta ni kama 1,000, yaani wastani wa upanga mmoja kwa kila kijana, sawasawa na tangazo. Tangazo halikusema uongo kuhusu wastani. Lakini hakuna kijana anayeishi katika wastani. Aliyepata mapanga manne hawezi kumpa jirani yake matatu, na mara nyingi mchezo haumruhusu. Vijana 366 wamelipa gharama ileile na kurudi mikono mitupu, na kila mmoja wao yuko peke yake chumbani, akidhani ni yeye tu aliyelaaniwa.

Hapo tunaweza kumjibu mama sehemu ya kwanza ya swali lake. Mwanao hana bahati mbaya. Katika kila vijana kumi watakaofanya kama alivyofanya, watatu watasimama mahali aliposimama yeye. Lililompata halikuwa ajali. Ni sehemu ya mpango wa biashara, kama pumba zilivyo sehemu ya kazi ya mashine ya kukoboa.

Kutokana na hesabu hiyohiyo tunaweza kutaja bei ambayo haikuandikwa popote. Kwa kitu cha asilimia 1, anayetaka nafasi ya nusu kwa nusu hana budi kuwa tayari kununua mara 69. Anayetaka nafasi ya tisa katika kumi, mara 230. Anayetaka nafasi ya 99 katika 100, mara 459. Kwa sanduku la shilingi 700, hizo ni shilingi 48,300, shilingi 161,000 na shilingi 321,300. Hata huyo wa mwisho hajahakikishiwa kitu. Tunauliza: kama dukani pangebandikwa shilingi 321,300 badala ya shilingi 700, je, kijana angebonyeza?

4. Mitego mitatu ya mawazo

Mtego wa kwanza tumeshautaja, ni ule wa kudhani kwamba kukosa sana huleta kupata. Ndugu yake pacha ni kudhani kwamba aliyepata mara mbili yuko "motoni" na aendelee. Mfuko hauna kumbukumbu ya mabaya wala ya mema.

Mtego wa pili ni wa ushirikina wa saa na ishara. Vijana wametueleza kwamba wapo wanaofungua masanduku saa nane usiku, au baada ya kusikia mwenzao amepata, au baada ya kugusa skrini kwa namna fulani. Tusiwacheke. Mwanadamu akinyimwa maelezo hujitengenezea ya kwake, nasi wazee tunayo yetu mengi.

Mtego wa tatu ni wa kukamilisha seti. Tuseme zawadi kubwa hutolewa kwa aliyekusanya vinyago sita vya aina mbalimbali, na kila kimoja kina nafasi sawa. Vya kwanza huja upesi. Ukitupa dadu mpaka uone pande zote sita, kwa wastani utatupa karibu mara 15, na katika hizo, mara 6 kwa wastani zitakuwa za kuutafuta upande mmoja tu wa mwisho. Kadiri unavyokaribia ndivyo njia inavyorefuka, ilhali moyo unasema kinyume: "Kimebaki kimoja tu!" Japani iliona madhara ya jambo hili mapema. Mnamo Mei 2012 Wakala wa Masuala ya Walaji wa nchi hiyo ulitangaza kwamba mtindo wa kuuza masanduku ya kukamilisha seti unakiuka sheria, na makampuni yakauacha. Tunaona hapo kwamba serikali inaweza kulisoma fumbo la hesabu na kuchukua hatua, bila kupiga marufuku michezo yote.

5. Nani anaishika mizani?

Mpaka hapa tumechukulia kwamba asilimia iliyoandikwa ni ya kweli. Lakini mfuko uko ndani ya kompyuta ya kampuni. Mnunuzi haoni punje. Mwenye duka ndiye mwenye mizani, ndiye anayepima, na ndiye anayetangaza uzito.

Yaliyotokea Korea Kusini yanafaa kujulikana na kila mpenda haki. Katika mchezo wa MapleStory wa kampuni ya Nexon, wachezaji walinunua mchemraba wa kuchorwa ambao hubadilisha kwa kura sifa zilizofichika za silaha na mavazi. Mwanzoni mwa mwaka 2021 wachezaji wa Korea walichoka na usiri wa kura za namna hii. Walichangishana fedha, wakakodi malori yenye skrini kubwa zilizoandikwa malalamiko yao, wakayapeleka mbele ya ofisi za makampuni ya michezo. Hawakuvunja dirisha wala kumpiga mtu. Mwezi Machi mwaka huo Nexon ikatangaza hadharani uwezekano wa michemraba yake.

Uchunguzi uliendelea. Mnamo Januari 2024 Tume ya Biashara ya Haki ya Korea ikaitoza Nexon faini ya won bilioni 11.6. Tume ilieleza kwamba tangu mwaka 2010 kampuni ilikuwa imepunguza uwezekano wa sifa zilizotafutwa sana bila kuwaarifu wachezaji, na kwamba mwaka 2011 baadhi ya michanganyiko iliyotamaniwa kuliko yote iliwekewa uwezekano wa sifuri. Sifuri, ndugu wasomaji! Yaani kwa miaka watu walitia mikono katika mfuko usiokuwa na punje nyekundu hata moja, na kila aliyekosa alijilaumu mwenyewe kwa mkosi wake. Tangu tarehe 22 Machi 2024 sheria ya nchi hiyo inayalazimisha makampuni kutangaza uwezekano wa vitu vinavyouzwa kwa kura.

China ilikuwa imetangulia kwa kuamuru jambo hilo kuanzia tarehe 1 Mei 2017. Mwezi Desemba mwaka huohuo kampuni ya Apple nayo ikayataka makampuni yanayouza michezo katika duka lake kuonyesha uwezekano kabla ya mteja kulipa. Ubelgiji ilikwenda mbali zaidi: mwezi Aprili 2018 tume yake ya kamari ilitamka kwamba masanduku ya kulipia katika michezo kadhaa mashuhuri ni kamari isiyo na leseni. Si nchi zote zilizokubali. Nchini Uholanzi mahakama ya juu ya masuala ya utawala iliifuta mwaka 2022 faini ya euro milioni 10 iliyokuwa imetozwa kampuni moja kwa sababu ya masanduku ya mchezo wa kandanda. Wenye busara wanatofautiana juu ya jina la kitu hiki. Juu ya wajibu wa kusema ukweli kuhusu uzito wake hatuoni nafasi ya kutofautiana.

6. Kikomo, na sarafu zenye majina mengi

Yapo makampuni yanayosema: "Sisi tumeweka kikomo, ukikosa mara kadhaa, tutakupa." Hilo ni jema kuliko kutokuwapo, nalo halikuja bila kelele. Mwanzoni mwa mwaka 2016 wachezaji wa Granblue Fantasy nchini Japani walilalamika sana baada ya watu kumwaga fedha nyingi wakimtafuta mhusika mmoja adimu. Kampuni ikaweka kikomo cha kura 300, yaani yeni 90,000, ambapo mchezaji huchagua anachokitaka.

Lakini kikomo nacho kina hesabu yake. Kwa kitu cha asilimia 1, katika watu 1,000 ni 49 tu watakaokosa mpaka mara ya 300. Kwa hiyo ahadi humgharimu muuzaji kidogo, ilhali humshika mnunuzi sana, kwa sababu aliyefika mara ya 200 sasa ana sababu ya kweli ya kusema "imekaribia", na katika michezo mingine hesabu hiyo hufutwa msimu ukiisha. Kikomo ni ngazi na ni kamba vilevile. Mzazi asidanganyike kwamba penye kikomo hapana hatari. Aulize kikomo ni shilingi ngapi.

Jambo jingine ni sarafu. Mara nyingi mchezaji halipi shilingi kwa sanduku. Hununua fuwele kwa shilingi, hubadilisha fuwele kuwa vito, hubadilisha vito kuwa tiketi, na tiketi ndiyo inayofungua sanduku. Kila daraja lina kiwango chake cha kubadilishana, na kila daraja humsahaulisha mtu bei. Mnamo Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani ilitangaza mapatano na watengenezaji wa mchezo wa Genshin Impact, ambamo kampuni ilikubali kulipa dola milioni 20. Miongoni mwa madai ya Tume ni kwamba watoto walipotoshwa kuhusu gharama halisi na uwezekano wa kupata zawadi adimu, na kwamba mfumo wa sarafu nyingi ulificha bei. Kampuni ilisema haikubaliani na mengi ya madai hayo, ila ilikubali masharti, likiwamo la kutowauzia masanduku watoto wa chini ya miaka 16 bila idhini ya wazazi. Mchezo huo ulikuwa umeandika uwezekano wake waziwazi: asilimia 0.6 kwa kura moja, na uhakika katika kura ya 90. Namba ilikuwapo, lakini namba kuwapo na namba kueleweka ni mambo mawili.

7. Jibu letu kwa mama

Je, kijana ameibiwa? Tumelitafakari swali hili kwa uaminifu. Hakuna aliyeingia nyumbani kwa mama. Masharti yaliandikwa. Mtoto alitumia namba ya siri isiyokuwa yake, na kwa hilo ameomba radhi, ikapaswa aombe. Hatuwezi kumwita muuzaji mwizi bila ushahidi, maana kusingizia nako ni dhuluma.

Hata hivyo tunasema kwamba biashara ya haki ina masharti matatu. La kwanza, uzito uonekane. La pili, mnunuzi aweze kuusoma. La tatu, awepo mtu mwingine, asiye muuzaji, anayeikagua mizani. Sokoni kwetu muuza sukari hawezi kuleta jiwe lake mwenyewe na kusema ni kilo moja. Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuiwekea alama, na mama anayenunua robo ya sukari hulindwa na alama hiyo hata kama hakusoma shule. Kwa nini basi mtoto anayenunua nafasi ya asilimia 1 asilindwe na yeyote? Sharti la kwanza, katika mchezo wa kijana huyu, lilitimizwa. La pili halikutimizwa. La tatu halikufikiriwa kabisa. Hatuuiti wizi. Twauita uuzaji wa gizani, na mteja wake ni mtoto.

8. Tufanye nini?

Nyumbani: namba ya siri ya simu ni ufunguo wa sanduku la fedha, na iwe siri kweli. Lakini mzazi asiishie kwenye kufunga mlango. Akae na mtoto, aone mchezo, aulize kwa upole: "Hapa unalipa nini, unapata nini, na ukikosa inakuwaje?" Mtoto anayeogopa fimbo ataficha daftari, anayesikilizwa atalileta mwenyewe.

Shuleni na katika vikundi vya vijana: walimu wa hesabu wanalo somo la uwezekano katika mtaala. Walitoe ubaoni, walitie mfukoni. Punje 100 za maharage zinatosha. Tulijaribu sisi wenyewe Jumapili moja mchana na vijana kumi, yule wa daftari akiwa mmoja wao. Kila mmoja alitoa punje mara 120, akirudisha kila mara. Wanne hawakuiona nyekundu kabisa. Mmoja aliipata mara nne, akarukaruka. Kijana wetu aliipata mara ya 17, kisha hakuipata tena mpaka mwisho. Alikaa akiutazama mfuko, halafu akasema kwa sauti ndogo: "Kumbe haikuwa imekaribia." Hatukuwa na la kuongeza.

Kwa wenye mamlaka: sheria yetu inakataza mtoto wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Tunaiomba Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, pamoja na wanaowalinda walaji na wanaosimamia mawasiliano, walitazame suala la masanduku ya bahati kabla halijawa jipu. Tunapendekeza mambo matatu: bei iandikwe kwa shilingi bila kupitia fuwele na vito, uwezekano uandikwe kwa lugha ya watu, mathalani, "Katika watu 100 watakaonunua mara 100, watu 37 hawatapata", na fedha za simu zisikubaliwe kwa masanduku haya bila uthibitisho wa mtu mzima.

Na kwetu sisi wenyewe: tunapouza tikiti za mbuzi wa ujenzi, tutangaze tikiti ngapi zimechapwa, ngapi zimeuzwa, na tuivute kura mbele ya watu wote. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, tusiwe hivyo. Kijana aliyeona mfuko wa haki parokiani atautambua usio wa haki penginepo.

Mama yule bado anakaanga vitumbua, na sare imenunuliwa kwa mkopo wa kikundi chake, ambao ataulipa kwa miezi minne. Hiyo nayo ni sehemu ya bei ya upanga usiopatikana, na haimo katika asilimia yoyote iliyoandikwa.

Maswali ya kuzungumza katika jumuiya

1. Je, watoto wetu wanacheza michezo gani katika simu, na ni nani kati yetu amewahi kukaa akaitazama pamoja nao?
2. Tofauti ya mfuko unaopungua na mfuko usiopungua ni ipi? Mmoja wenu aionyeshe kwa punje za maharage.
3. Ni biashara zipi nyingine kijijini au mtaani kwetu ambamo muuzaji anajua hesabu na mnunuzi hajui?
4. Wachezaji wa Korea walidai haki yao kwa amani na wakasikilizwa. Sisi tuna jambo gani la kudai, na tutalipeleka kwa nani?